Masanduku Yaliyosubiri Shikamoo

“Sikuligusa!”

“Uliligusa!”

“Nililiangalia, mzee. Kuangalia siyo kugusa. Wewe umeniangalia tangu tuingie humu, mbona sijaharibika?”

Mama akanifinya paja chini ya meza. Mzee Hassani akaipiga meza kwa kiganja, vikombe vya chai vikaruka.

“Mwanaheri, umemsikia mwanao? Huyu ndiye uliyemsomesha?”

“Nimemsikia, kaka,” mama akasema. “Msamehe. Ni baridi.”

Eti baridi. Baridi ilikuwepo kweli, mwezi wa saba huku kwetu milimani, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye ngazi za ofisi, ndiyo maana mlango ulifungwa. Lakini mimi baridi sikuisikia. Nilikuwa nawaka.

Humo ndani tulikuwa watu watano. Mzee Hassani, mwenyekiti wa kamati ya maji, yeye ni mtu wa Juu. Mzee Kristofa, mwakilishi wa Bondeni, mzee wa usharika, anacheka kwa mabega tu, sauti haitoki. Edgar, fundi kutoka Tanga, kijana wa koti zuri. Mama yangu. Na mimi, Sharifu, nimemaliza kidato cha sita juzi juzi, niko nyumbani nasubiri matokeo na kila mtu ananiona nazurura.

Kesi yenyewe ni hivi. Sisi Kwemhanda tunamwagilia kwa zamu. Maji yanalala bwawani kule Juu, asubuhi lango la Juu linafunguliwa, yanashuka na mfereji mpaka lango la Bondeni, ndipo yanagawanywa mashambani. Sasa lango la Bondeni lazima litangulie kufunguka. Likichelewa, maji yanajaa nyuma yake, yanakata kingo, yanateremka na matuta ya watu, kabichi, viazi, kila kitu. Zamani walikuwa wanaitana kwa kupiga ukelele ng’ambo hadi ng’ambo. Ikaja simu, na simu yenyewe ikageuka ya kutukanana. Basi mradi mmoja ukaleta masanduku mawili yenye redio ndani, moja kila lango, yawe yanaongea yenyewe na kufungua yenyewe. Binadamu wakae pembeni.

Siku ya jaribio tulijaa pale mfereji mzima, watoto mpaka juu ya miti. Masanduku yakawasha taa ya njano. Njano maana yake nasubiri. Haya, na sisi tukasubiri. Jua likatoka, likapanda, taa njano. Bwawa likajaa, likafurika, maji yote yakaingia korongoni yakateremka zake Mazinde. Watu wa Mazinde mpaka leo hawajui nani aliwapa zawadi.

Mimi ndiyo nikashuka mpaka kwenye sanduku la Bondeni, nikapiga magoti, nikaiangalia taa yake. Mtu akaniona. Kesho yake nishakuwa mharibifu wa mali ya kijiji, na kamati ikasimamisha zamu ya mama mpaka nikiri. Tangu hapo shamba lake halijaona maji, na hoho zake zimeanza kudondosha maua.

“Sikiliza,” Mzee Hassani akashusha sauti, ile sauti ya mtu anayekufanyia hisani. “Kesho kwenye mkutano wa kijiji unasimama. Unasema, nilichezea sanduku, naomba radhi. Maneno hayo tu. Keshokutwa mama yako anapata maji. Yameisha.”

“Na masanduku?”

“Edgar atayatengeneza.”

“Atatengeneza nini? Hayajaharibika. Yana adabu tu. Yana adabu kunizidi mimi.”

Mabega ya Mzee Kristofa yakacheza.

“Ni kweli,” nikasema. “Yanasubiri kuamkiwa. Edgar, waambie ulichoniambia juzi kwa mama ntilie.”

Edgar akatoa simu akaanza kuisoma. Na humo ofisini hakuna mtandao, kila mtu anajua.

“Edgar!”

“Mimi nilifuata maelekezo,” akasema, macho kwenye simu. “Mzee Hassani aliniagiza sanduku la Juu lisianze kuongea. Lisubiri la Bondeni liliamkie kwanza, ndiyo lijibu.”

“Kuna ubaya gani?” Mzee Hassani akasema. “Tangu lini mkubwa akamwanza mdogo?”

“Halafu wiki iliyofuata nikashuka Bondeni. Mzee Kristofa naye akaniagiza la kwao lisianze. Lisubiri la Juu liliamkie.”

Mabega ya Mzee Kristofa yakatulia.

“Wewe Kristofa uliagiza hivyo?”

“Na wewe uliagiza hivyo?”

Hawa wazee wawili inabidi muwajue. Walizaliwa msimu mmoja, waliingia darasa la kwanza siku moja, na mpaka leo hakuna aliyekubali kuwa mdogo. Wakikutana njiani asubuhi kila mmoja anamsubiri mwenzie atangulie kusema onga makeo, salamu yetu ya asubuhi. Hasemi mtu. Mmoja anakohoa, mwenzie anakohoa, wanapita. Sisi watoto tulikuwa tunajificha kwenye migomba tuwasikilize wanavyokohoana.

“Basi ni mtandao,” Mzee Hassani akasema, “au huyu mtoto. Maana masanduku yote mawili yalipewa adabu nzuri, adabu haiwezi kuleta hasara.”

Nikaona hapa maneno hayatasaidia. Kwenye dirisha kulikuwa na kipande cha chaki, ile wanayoandikia zamu. Ubao wenyewe ulishaanguka zamani ukawa mfuniko wa pipa. Kuta zimepakwa rangi mpya kwa ajili ya wageni wa mradi. Nikaenda kwenye mlango. Mlango wa mbao, mweusi kwa moshi wa miaka. Safi kabisa.

“Hiyo ni mali ya ofisi!”

“Chaki inafutika, mzee.”

Nikachora. Upande wa kushoto nikaandika JUU, kulia BONDENI. Kila upande maduara matatu: NIMEFUNGA, NASUBIRI, NIMEFUNGUA. Kutoka NIMEFUNGA mshale kwenda NASUBIRI, juu yake nikaandika “asubuhi ikifika”. Kutoka NASUBIRI mshale kwenda NIMEFUNGUA, juu yake “nikiamkiwa”. Pande zote mbili sawasawa.

“Amechora vitumbua,” Mzee Hassani akasema.

“Vya Juu vimeungua,” Mzee Kristofa akasema.

“Ni lugha hii, wazee wangu. Mwalimu Glory alitufundisha kwenye klabu ya kompyuta. Lugha ya kuchora. Duara ni hali, yaani sanduku limekaaje sasa hivi. Mshale ni safari, limesikia nini na liende wapi. Basi, hayo tu. Wajapani, Wahindi, Wajerumani, wakitaka mashine zao ziongee bila kugombana wanakaa wanachora kwanza. Kwa sababu kosa kwenye maneno mengi linajificha. Kwenye mchoro linakaa uchi.”

“Chunga mdomo, kuna mama yako hapa.”

“Mimi nimeshaona vitu uchi, kaka,” mama akasema taratibu. “Mwache amalize.”

Mzee Kristofa akasimama. Ana kidole kimoja kinene, kilibanwa na gogo kiwandani zamani, akakiweka kwenye duara la NASUBIRI upande wa kulia.

“Mimi ni sanduku la Bondeni. Niko hapa, sivyo? Natokaje?”

“Mshale ni mmoja, mzee. Mpaka uamkiwe.”

“Na nani?”

“Na Juu.”

Kidole kikahamia kushoto. “Juu yuko wapi?”

“Hapo hapo ulipogusa. Anasubiri.”

“Anasubiri nini?”

“Kuamkiwa na Bondeni.”

Kidole kikarudi kulia. Kikaenda kushoto. Kikarudi kulia. Safari hii mabega hayakucheza.

“Hatoki mtu,” akasema.

“Hatoki mtu.”

“Hata mwaka uishe?”

“Hata betri ziote kutu.”

Akageuka. “Hassani, njoo uone.”

“Kaa chini wewe.”

“Njoo uone, mghosi. Njoo mwenyewe.”

Akimwita mghosi ujue anamwita kiume, kwa heshima, na Mzee Hassani akiitwa hivyo hawezi kukaa. Akainuka na fimbo yake. Akausogelea mlango. Hakutumia kidole, alitumia ncha ya fimbo. Kushoto. Kulia. Kushoto. Nilimtazama usoni, na nakwambia alielewa. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi siku ya kwanza.

Mimi nikafikiri yameisha. Ujinga wangu huo. Nilidhani mtu akiona kosa atalirekebisha.

“Sawa,” akasema. “Basi dawa ni ndogo. Bondeni iamkie. Mfereji huu alichimba babu yangu.”

“Alichimba kwenye ardhi ya nani?” Mzee Kristofa akadakia. “Babu yako alipofika hapa alimkuta nani?”

“Alikuta nguruwe pori!”

“Alikuta moshi wa jiko la bibi yangu! Akapewa na bada ya muhogo akala!”

“Bila maji ya Juu hata hiyo bada mngeila kavu!”

“Wazee wangu,” mama akasema.

“Wewe Mwanaheri nyamaza, hili ni la kamati!”

Nikaupiga mlango kwa ngumi. Siyo kwa nguvu sana. Kidogo nguvu.

“Hodi!” nikasema.

Wakanigeukia, wakanishangaa. Mtu yuko ndani halafu anapiga hodi.

“Shikamoo ni ya umri, ndiyo maana hamtoki. Iacheni. Chukueni hodi. Hodi haiangalii umri. Mzee Hassani, ukija kwetu, nyumba ya mdogo wako Mwanaheri, unapiga hodi, hupigi?”

“Napiga. Mimi ni mtu mstaarabu.”

“Na hujawahi kupungua kwa sababu hiyo. Anayepiga hodi siyo mdogo, ni yule anayekuja. Maji ndiyo yanakuja. Basi Juu inapiga hodi. Bondeni inafungua lango lake kwanza, halafu inasema karibu. Juu ikisikia karibu, inafungua, maji yanateremka yanakuta mlango uko wazi.”

Nikafuta zile “nikiamkiwa” kwa mkono wa sweta. Pembeni nikachora mistari miwili ya kusimama, Juu na Bondeni, mshale unakwenda, HODI, mshale unarudi, KARIBU. Mtu hata kama hajasoma angeuona unavyotembea.

Edgar akaweka simu mezani. Ndiyo mara ya kwanza nikaona ni fundi kweli.

“Dogo, subiri kwanza. Hodi imekwenda. Bondeni imefungua, imesema karibu, lakini ile karibu imepotea njiani. Redio hizi zikikutana na ukungu na kilima katikati, ujumbe unapotea. Sasa Juu yako inasubiri karibu ambayo haiji. Umerudi pale pale.”

Nikauangalia mchoro. Jamani. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimetoa mawe mawili barabarani nikaacha moja, na lilikuwa limekaa wazi, duara lina mshale mmoja tu wa kutokea. Masikio yakaanza kuniwaka.

“Si anapiga tena,” Mzee Hassani akasema.

Alisema bila kuangalia mtu, kama anayejisemea.

“Ngapi?” Edgar akauliza. “Akipiga mpaka kesho atamaliza betri.”

“Tatu. Hodi ni tatu. Ya tatu usipojibiwa unageuka unarudi kwako. Hamkufundishwa chuoni nyie? Huwezi kusimama mlangoni kwa mtu kama mdai.”

Chaki ikaenda yenyewe. Mshale kutoka NASUBIRI unazunguka unarudi hapo hapo: “kimya, piga tena”. Mshale wa pili, kutoka NASUBIRI kurudi NIMEFUNGA: “kimya baada ya hodi ya tatu”. Juu inarudi kulala, maji yanabaki bwawani, kingo salama, matuta salama.

“Na Bondeni?” Edgar akasema. “Imeshafungua, maji hayajaja.”

“Mlango wazi bila mgeni hauna hasara,” Mzee Kristofa akasema. “Jioni tunaufunga.”

Edgar akatikisa kichwa, akacheka. “Hii naandika leo leo. Sasa hivi naanza.”

Kwa muda mfupi sana sisi wote watano tulikuwa tunaangalia kitu kimoja. Mzee Hassani alikuwa karibu zaidi ya wote, ncha ya fimbo yake kwenye mshale wake mwenyewe, ule wa hodi ya tatu. Nilitaka kumwambia asante. Laiti ningenyamaza.

“Kwa hiyo Juu inaanza,” nikasema.

Fimbo ikashuka.

“Inaanza nini?”

“Hodi. Juu inapiga hodi kwa Bondeni.”

“Maji yangu yapige hodi kwa Kristofa?”

“Wewe mwenyewe ukienda kwake…”

“Siendi kwake!”

“Lakini maji yanaenda, mzee.”

Mzee Kristofa akashindwa kujizuia. Mabega. Na safari hii sauti ilitoka kidogo, kama kuku anayetaka kutaga. Hapo tukaharibikiwa. Mzee Hassani akarudi kwenye kiti chake, akakaa, akavaa kofia yake vizuri.

“Futa.”

“Mzee…”

“Futa hayo madubwana yako. Kamati haiongozwi na vitumbua. Kesho utasimama useme ulichezea. Edgar ataangalia mitambo taratibu, tutajua la kufanya. Mpaka hapo ufunguo wa lango ninao mimi na nitafungua kwa mkono wangu kama babu yangu.”

Nikamtazama Edgar. Edgar akatazama koti lake. “Mimi nahitaji sahihi ya mwenyekiti, dogo,” akasema. “Nikiambiwa nani aanze, nitaandika. Bila hivyo siwezi.”

Nikamtazama Mzee Kristofa. “Nami siwezi kumlazimisha,” akasema. “Ila Bondeni haitaanza. Hilo lieleweke.”

Basi ikabaki mimi. Ikabaki kichwa changu mimi, ndicho kinachoweza kuinama bila mzee yeyote kuinama. Ndiyo hesabu yao ilikuwa hiyo tangu mwanzo.

Mama akanishika mkono. Mkono wake una nyufa za udongo, haziishi hata akioga.

“Sharifu, mwanangu. Sema tu. Neno halivunji mfupa. Zile hoho unaziona mwenyewe.”

Hapo ndipo paliponiuma. Mzee Hassani angenipigia kelele mpaka kesho nisingejali. Mama hakupiga kelele.

“Mama, nikisema nilichezea, nitakuwa nimechora uongo,” nikasema. “Watu watarudi nyumbani wanajua tatizo lilikuwa mkono wa Sharifu. Mchoro utabaki ule ule wa kwanza. Utapata maji keshokutwa, sawa. Siku watakapoyawasha tena masanduku, taa njano tena. Maji Mazinde tena. Na safari hiyo watamtafuta mtoto wa nani?”

Mama akauachia mkono wangu.

“Hoho nitazimwagilia mimi. Nitabeba ndoo kutoka korongoni, shina kwa shina.”

“Ni mbali,” mama akasema.

“Najua ni mbali.”

“Hizo ni jeuri za shule!” Mzee Hassani akasema. “Utabeba ndoo utachoka, utakuja hapa mwenyewe kwa magoti!”

“Nikija nitapiga hodi, mzee. Mara tatu. Usipojibu nitarudi kwetu.”

“Toka!”

“Natoka. Shikamoo.”

Hakuitikia. Akachukua kitambaa cha kufutia meza akamrushia mama. “Mwanaheri, futa mlango huo. Mwanao kauchafua, ufute wewe.”

Mama akakiokota kutoka mapajani. Akakikunja mara mbili, vizuri, kama anavyokunja kanga. Akakiweka pale pale mapajani, akaweka mikono yote miwili juu yake. Akakaa. Hakusogea hata kidogo.

Mimi nikavuta mlango. Ulifunguka kwa ndani, mchoro ukazunguka ukaegemea ukutani, hauonekani tena, na ukungu ukaanza kuingia. Nikasikia Mzee Hassani akishusha pumzi.

Nikavuka kizingiti. Nikageuka nikashika komeo.

“Uache!” akasema. “Uache wazi huo mlango!”

“Baridi, mzee,” nikasema, nikaufunga.